Ila ya Joho

Mama yangu ni dobi, na dukani kwake hupewi nguo kwa kuonyesha tiketi tu. Lazima useme na ila yake. Siku unayoileta unaulizwa, "Ila yake nini?" nawe unajibu kwamba kifungo cha tatu si cha seti yake, au mfuko wa ndani una tone la wino, au mguu mmoja wa suruali ulipunguzwa kuliko mwenzake. Kasoro hiyo inaandikwa nyuma ya kipande cha tiketi kinachobaki kaunta. Siku ya kuchukua unaulizwa tena. Ukikosea unarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama umevaa koti la suti na suruali yake unaiona pale imetundikwa.

Utaratibu huo aliuweka Bi Tiketi, mwanamke wa kaunta, baada ya tapeli mmoja kuokota tiketi barabarani na kuondoka na koti la bwana harusi. Jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa nadhani hata yeye amelisahau. Ni mfupi, miwani yake ina kamba ya shingoni, na hajawahi kuharakishwa na mtu. Nilimwona kwa macho yangu akimzuia daktari wa upasuaji aliyefuata makoti yake ya kazi.

"Ila yake nini, daktari?"

"Ni makoti sita meupe, mama."

"Weupe si ila."

Daktari akatoka nje kumpigia simu mkewe.

Mimi nimekulia humo, chini ya meza ya kukunjia mashuka. Ndiyo maana nilipofika mwaka wa nne wa shahada ya usalama wa mtandao na kutakiwa kuchagua mradi wa mwisho, sikuumiza kichwa. Ningepima ni wafanyakazi wangapi wa duka dogo wanaonaswa na ujumbe wa kitapeli. Ningewatumia ujumbe wa uongo wenye kiungo, na atakayekibonyeza na kuandika neno lake la siri, huyo kanaswa. Hakuna anayeibiwa kitu. Neno lenyewe halihifadhiwi popote, kinachohesabiwa ni kule kuingia mtegoni tu. Duka la Mama lina wafanyakazi kumi na mmoja, na kila mmoja ana neno lake la siri la kuingilia kwenye mfumo wa oda. Nilimpelekea Mama karatasi ya kibali. Aliisoma mara mbili, akaandika kitu chini kwa mkono wake, akasaini, akanisogezea nami nisaini. Nikasaini huku nimesimama, begi begani.

"Nisimwambie mtu?" akauliza.

"Hata Bi Tiketi."

"Na wewe nani atakupima?"

"Mimi ndiye mtaalamu, Mama."

"Haya," akasema. Mama yangu akisema haya, mwenye akili huketi chini akafikiri. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kwenye pendekezo la mradi niliandika kwamba kati ya watu kumi na mmoja, wanane watanaswa. Msimamizi wangu ni bwana mpole anayevaa sweta lile lile mwaka mzima na kusahihisha kwa penseli. Alizungushia ile nane duara.

"Unawajua watu hawa?"

"Nimekulia kwao, mwalimu."

"Kukulia mahali si kupaangalia," akasema, akanirudishia karatasi.

Nilimwona ni mzee anayependa misemo tu. Kichwa kilikuwa kimenivimba wakati ule, sina budi kukiri. Wenzangu walikuwa wanangoja matokeo ndipo wakodi majoho ya mahafali. Mimi nilikuwa nimeshashonesha langu, jeusi, jipya, kola imekaa sawa, na mradi wenyewe sijauanza. Nililipeleka dukani lipigwe pasi lining'inie huko mpaka siku yake.

"Ila yake nini?" akauliza Bi Tiketi.

"Halina ila. Limetoka kwa fundi leo."

"Hakuna nguo isiyo na ila, Profesa. Kuna mwenye nguo asiyeangalia." Profesa ni jina walilonipa dukani tangu siku niliyoingia chuo, na sina hakika kama ni sifa.

"Basi andika halina."

Alinitazama juu ya miwani, akaandika nyuma ya tiketi maneno marefu kuliko "halina", akanikatia kipande changu. Sikujishughulisha kuchungulia. Nilikuwa na watu wa kunasa.

Ujumbe wa kwanza niliutuma Jumatatu saa tatu asubuhi, kama vile umetoka kwa Mama. Niliutunga kwa ustadi. "Wapendwa wafanyakazi, natumaini hamjambo. Tafadhali hakikini maneno yenu ya siri kwa kubonyeza hapa chini. Nawashukuru kwa ushirikiano wenu mwema." Kisha nikakaa mbele ya kompyuta na bakuli la njugu kungoja samaki. Saa nne, sifuri. Saa sita, sifuri. Saa tisa njugu zikaisha.

Jioni nikamuuliza Mama kwa kujitia hamnazo, vipi leo kazini.

"Walikuwa wanakuja ofisini mmoja mmoja kuniuliza kama naumwa."

"Kuumwa?"

"Mpiga pasi mrefu anasema tangu duka lifunguliwe sijawahi kuwaambia tafadhali. Kaniletea machungwa." Alikuwa anamenya mojawapo aliposema hivyo, na alinipa vipande viwili.

Nikajiambia sawa, kosa la kiufundi. Ujumbe wa pili nikautuma kama kampuni iliyowauzia mashine za kufulia, wenye nembo na rangi zake zote, na onyo kwamba dhamana inakwisha leo jioni. Hapo nilitumia kila nilichofundishwa, maana watu wakitishwa na muda hawafikiri. Sifuri. Nilipopita dukani siku iliyofuata nikaukuta ujumbe wangu umechapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya zamu za wiki. Juu yake Bi Tiketi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "Huyu hajasema ila."

Sasa nikakasirika. Nina hasira za karibu, wote nyumbani wanalijua hilo. Miaka minne nasomea mbinu za watu wabaya, halafu nashindwa kumhadaa mpiga pasi? Mara ya tatu nikaachana na ujumbe, nikapiga simu. Nilifunika kinywa cha simu kwa leso na kuishusha sauti mpaka koo likaniwasha.

"Naongea kutoka kampuni ya mashine, idara ya ufundi. Mfumo wenu umepata hitilafu. Naomba neno la siri la kaunta niwarekebishie hapa hapa."

"Sawa, mwanangu," akasema Bi Tiketi, bila wasiwasi wowote. "Mashine ya tatu ina ila gani?"

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Hilo nalijua tangu nina miaka sita. "Inatembea inapokamua. Mguu wa nyuma umewekewa tofali."

Nikasikia pasi ya mvuke ikipumua nyuma yake.

"Yenye tofali tuliitoa mwaka juzi," akasema. "Hii ya sasa ila yake ni mlango. Kampuni wanajua, wao ndio walioifunga. Anayejua habari ya tofali ni mtoto wa nyumba hii ambaye hajaingia kule nyuma siku nyingi." Kisha, kwa sauti ile ile, "Umekula, Profesa?"

Nikakata simu. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kushindwa. Ni kweli nilikuwa sijavuka pazia la kaunta kwa miaka miwili. Nilikuwa napita dukani kama mteja, nasalimia, nachukua changu, naondoka.

Nikaenda kwa msimamizi na jedwali langu. Lilikuwa na safu tatu na kila safu ilikuwa na sifuri. Zilibaki wiki mbili kuwasilisha.

"Mradi umekufa, mwalimu. Hakuna aliyenaswa."

Alilitazama jedwali muda mrefu, kana kwamba lina kitu cha kusoma.

"Sifuri ni namba," akasema. "Lakini sifuri isiyo na sababu ni karatasi tupu. Ukiniletea karatasi tupu, tutaonana tena mwakani."

Mwakani. Nyumbani hilo nalo lilikuwa na hukumu yake. Mama alishasema zamani, tena mbele ya mashahidi, "Miaka minne ya chuo nimekupa. Wa tano utausomea kwenye pasi." Na Mama hana mchezo katika mambo hayo. Nikaenda maktaba nikakaa mbele ya zile sifuri tatu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na sikuwa na la kuandika.

Hapo ndipo simu ikatetema. Ilikuwa namba ya Bi Tiketi. "Profesa, samahani sana. Joho lako limeungua mgongoni. Picha hii hapa." Chini yake, kiungo.

Sikumaliza kusoma. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Ukurasa ukafunguka ukisema niandike neno la siri la barua pepe yangu ndipo nione picha. Nikaliandika. Nikakosea herufi kwa haraka, nikalifuta, nikaliandika tena vizuri. Mimi, wa tatu kwa alama katika darasa letu, niliyewahi kuwahutubia wanafunzi wa mwaka wa kwanza nusu saa nzima juu ya jambo hilihili.

Picha ikatokea. Ilikuwa pale uani nyuma ya duka, penye kamba za kuanikia. Walikuwa wamejipanga wote kumi na mmoja kama watu wa timu, na katikati mpiga pasi mrefu amelishika joho langu kwenye hanga, zima, halina hata kovu. Bi Tiketi ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa, "Wa kwanza kunaswa: Profesa." Pembeni alisimama Mama, na mkononi ameinua karatasi ya kibali kuielekea kamera.

Nikaikuza picha. Chini kabisa ya kibali, kwa mwandiko wa Mama, kulikuwa na mstari mmoja. "Na mtafiti mwenyewe apimwe." Chini ya mstari huo, sahihi yangu.

Kicheko kikanijia kutoka tumboni, kile kisichozuilika, nikacheka mpaka machozi, mpaka mkutubi akaja kuniambia kwa heshima kwamba kucheka kuna sehemu yake, na sehemu yenyewe iko nje. Nikatoka nje. Nikabadilisha neno la siri kwanza, maana kusoma kwangu hakukuwa kwa bure kabisa, kisha nikampigia Mama.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema kabla sijamsalimu.

"Nani aliwatengenezea ule ukurasa?"

"Mpiga pasi mrefu. Ameiga ule wako, anasema haukuwa mgumu. Ukurasa wake haujalihifadhi neno lako, ametuapia, maana wako nao haukuhifadhi." Nikasikia watu wakicheka nyuma yake, wengi. "Ulipopiga simu na habari za tofali, Bi Tiketi akaja kuniuliza. Nikamwonyesha karatasi. Njoo basi. Wanakungoja."

Nikaenda, na safari hii nikavuka pazia. Walinipokea kwa vigelegele, nikaonyeshwa mashine ya tatu mpya na mlango wake usiofunga mpaka uupige bega. Kwa siku nane nilisimama kaunta kwa Bi Tiketi, daftari mkononi, nikafanya lile ambalo mwalimu alikuwa ameniambia tangu mwanzo. Niliangalia.

"Ulijuaje ule ujumbe wa kwanza si wa Mama?" nikamuuliza.

"Mwenye koti lake," akasema huku akikunja mashati, "atakwambia kifungo kimelegea, kwapani pamepauka. Mwizi atakwambia ni koti zuri sana. Mwizi hajui ubovu wa kitu, hajakaa nacho. Ujumbe wako ulikuwa mzuri mno. Mama yako ninamjua na ubovu wake wote."

"Na wengine?"

"Wengine wanauliza. Hapa mtu haoni haya kuuliza, kazi yetu ni kuuliza kutwa. Wewe mwenyewe umekuwa ukiulizwa hapa tangu hujui kusoma."

Niliandika yote. Niliandika jinsi wafanyakazi wote kumi na mmoja, bila kuagizwa na mtu, walivyouhamisha utaratibu wa nguo wakaupeleka kwenye simu zao. Hakuna aliyebonyeza kabla ya kwenda kumwuliza mwenyewe kwa mdomo kitu ambacho mwenyewe pekee anakijua. Sisi chuoni tuna jina refu la jambo hilo na mihula miwili ya kulifundisha. Bi Tiketi analo kwenye tiketi ya karatasi.

Siku ya kutetea mradi walikaa mbele yangu watahini watatu, msimamizi wangu akiwa wa mwisho kulia na penseli yake. Mtahini wa katikati, mama mmoja mkavu ambaye darasa zima tulimwogopa, akafungua ukurasa wa jedwali.

"Ulitabiri wanane kati ya kumi na mmoja. Umepata wangapi?"

"Mmoja kati ya kumi na wawili."

"Kumi na wawili? Si ulisema kumi na mmoja?"

"Wa kumi na mbili ni mtafiti, mheshimiwa. Ndiye aliyenaswa."

Akanitazama, akashusha macho kwenye ukurasa wa kibali, akausoma ule mstari wa Mama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kumbe yule mama anacheka vizuri sana, anacheka kwa mwili wote. Alipopata pumzi akaniuliza nilichukua muda gani tangu ujumbe kufika hadi kubonyeza.

"Sekunde nne. Nimeiweka kwenye kiambatisho."

Walinihoji saa nzima, na sikuwahi kufurahia mtihani kama ule. Nikatoka na alama ambazo sikuzitarajia. Ripoti yangu iliporudi, pembeni ya ile nane, aliyoizungushia duara tena, msimamizi alikuwa ameandika kwa penseli, "Sasa umepaangalia."

Asubuhi ya mahafali nilifika dukani saa mbili na nusu. Sherehe ilikuwa saa nne. Duka lilikuwa limefungwa kwa siku ile, na kumi na mmoja wote walikuwa ndani wamevaa vizuri, mashati yao yamepigwa pasi kama unavyoweza kukisia. Walikuwa wanakuja wote. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake magotini. Nikampa Bi Tiketi kipande changu.

Akakipokea, akatafuta mwenzake kwenye sanduku, akavaa miwani.

"Ila yake nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Bi Tiketi, hili ni joho langu. Umepiga nalo picha."

"Ila yake nini, Profesa?"

"Kola?"

"Hapana."

"Mshono wa bega?"

"Usibahatishe. Hapa si bahati nasibu."

Nikamgeukia Mama. "Mama, mwambie."

"Kaunta si yangu," akasema Mama.

Mpiga pasi mrefu alikuwa anatazama dari. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro ishirini. Nilihisi ile hasira yangu ya karibu ikipanda, na kidole kikianza kutafuta kitu cha kubonyeza. Nikakishika kidole kwa mkono mwingine. Nikaketi kwenye benchi karibu na Mama, nikafikiri. Nikamkumbuka Bi Tiketi siku ile akiandika maneno marefu kuliko "halina". Nikakumbuka kibali nilichokisaini nimesimama, mlango wa mashine nisioujua, sekunde nne za maktaba. Nikainuka.

"Ila yake ni mwenyewe," nikasema. "Mwenyewe ana haraka."

Bi Tiketi akageuza kipande cha tiketi akakilaza juu ya kaunta. Kiliandikwa kwa kalamu nyekundu, tangu siku niliyolileta, "Mwenyewe ana haraka."

Wakapiga makofi wote. Mama akafungua mkoba akatoa leso, akasema ni vumbi, kwenye duka lile ambalo vumbi haliingii. Bi Tiketi akalishusha joho, akaniletea mwenyewe, akalifungua nivae.

Sikuvaa. Nililichukua nikalilaza juu ya meza ya kukunjia mashuka, ile niliyokulia chini yake, nikaligeuza ndani nje. Nikapitisha kidole kwenye kola, mabega, kwapa, mikono yote miwili, mshono kwa mshono. Wote walinitazama. Hakuna aliyeniambia tunachelewa. Nilipofika chini nikasimama, nikasogeza kitambaa kwenye mwanga wa dirisha.

"Bi Tiketi," nikasema, "pindo la nyuma limeshonwa kwa uzi wa kahawia."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakungoja."